Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Tabia za Kujirudiarudia kwa Watoto Wenye Usonji

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wazazi, walezi na walimu wa Nairobi huuliza mara nyingi zaidi wanapokuja kuzungumza kuhusu mtoto mwenye usonji (kwa Kiingereza autism, hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano, mahusiano na tabia) anayepepea mikono, anayejibembeza kwa muda mrefu, anayerudia sentensi moja kutwa nzima, au anayeangua kilio kwa sababu kikombe chake cha bluu kimehamishwa kabatini. Majibu hayachukui nafasi ya tathmini ya mtaalamu aliyemwona mtoto mwenyewe.

Tabia za kujirudiarudia ni zipi hasa?

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Baltimore nchini Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 ambao miongoni mwa mambo yaliyomshangaza kwao ni hamu yao kubwa ya kutaka kila kitu kibaki kama kilivyokuwa. Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, huzigawa tabia hizi katika mafungu manne: miondoko au maneno yanayorudiwarudiwa, kung'ang'ania ratiba na desturi zisizobadilika, mvuto mkali kwa jambo moja au machache, na namna isiyo ya kawaida ya kupokea sauti, mwanga, ladha au mguso. Ili mtoto atambuliwe kuwa na usonji kwa mwongozo huo, lazima awe na angalau mafungu mawili kati ya hayo, pamoja na ugumu katika mawasiliano na mahusiano.

Ikumbukwe pia kwamba karibu kila mtoto wa miaka miwili au mitatu hupenda hadithi ile ile kila usiku na hukasirika mkate ukikatwa vibaya. Tofauti iko katika ukali wa tabia, muda inaochukua, na kama inaendelea kupanuka wakati wenzake wa rika lake wameiacha.

Je, ni lazima tabia hizi zipunguzwe?

Hapana, na hili ndilo swali linalopaswa kuulizwa kabla ya mengine yote. Wazazi wengi hutaka kwanza mikono itulie kwa sababu watu wanawatazama kwenye foleni ya benki au kanisani, na hisia hiyo inaeleweka kabisa, lakini macho ya watu si sababu tosha ya kumfanyia mtoto kazi ya miezi kadhaa. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya mahojiano na watu wazima wenye usonji, ambao wengi wao walieleza kwamba miondoko hiyo huwasaidia kutuliza hisia zinapofurika na kwamba kukatazwa kuliwaumiza.

Kwa hiyo mimi huuliza mambo matatu. Je, tabia hiyo inamdhuru mtoto au mtu mwingine? Je, inamzuia kujifunza, kula, kulala au kucheza? Je, yeye mwenyewe anaonekana kuteseka inapomshika? Ikiwa majibu yote ni hapana, mwacheni apepee mikono yake, na nguvu hizo zielekezwe katika kumfundisha kuzungumza na kujihudumia.

Kwa nini anafanya hivyo?

Tabia mbili zinazofanana machoni zinaweza kuwa na kazi tofauti kabisa. Chukua mfano wa watoto wawili wanaogonga meza kwa viganja. Wa kwanza hugonga hata akiwa peke yake chumbani, kwa sababu mtetemo na sauti vinampendeza. Wa pili hagongi kamwe akiwa peke yake. Huanza pale mwalimu anapomwekea kitabu mbele, na kwa kuwa kila anapogonga mwalimu hukiondoa kitabu ili darasa litulie, amejifunza kwamba kugonga huondoa kazi. Ukimpa wa pili ngoma ya kuchezea, hujamsaidia kwa lolote. Ukimpunguzia wa kwanza masomo, umemnyima elimu bure.

Utaratibu wa kuchunguza kazi ya tabia ulipata umbo lake maarufu mwaka 1982, pale Brian Iwata na wenzake walipochapisha utafiti kuhusu watoto na vijana waliokuwa wakijiumiza. Waliwaweka katika hali nne zilizopangwa: hali ambamo tabia huvuta usikivu wa mtu mzima, hali ambamo huondoa kazi ngumu, hali ya kuwa peke yake, na hali ya mchezo usio na masharti. Hali ambamo tabia huongezeka ndiyo huonyesha inachomletea mtoto. Miondoko mingi ya usonji hujitokeza hata mtoto akiwa peke yake, yaani raha au utulivu unaotokana na mwondoko wenyewe ndio malipo yake, na ndiyo sababu kupuuza peke yake hakusaidii: huwezi kumnyima mtoto malipo ambayo si wewe unayemlipa.

Nitajuaje kazi ya tabia hiyo nikiwa nyumbani?

Daftari la mazoezi na kalamu vinatosha. Kila tabia inapotokea, andika kilichotangulia, tabia yenyewe ilivyokuwa, na kilichofuata mara moja. Usiandike "alikuwa mkaidi", bali andika "niliwasha blenda, akaziba masikio na kujibembeza, nikaizima baada ya dakika moja". Baada ya wiki moja au mbili, kurasa hizo zitakuonyesha mambo ambayo kumbukumbu huyaficha. Mama mmoja aliyekuwa na hakika kwamba mwanawe hujibembeza "siku nzima" aligundua kutokana na daftari lake kwamba ilikuwa zaidi kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, wakati jiko, televisheni ya jirani na ndugu zake waliorudi shuleni vilipokutana katika chumba kimoja.

Pamoja na daftari, hesabu. Tega saa ya simu dakika kumi kila siku wakati ule ule, uandike tabia imetokea mara ngapi. Bila idadi ya mwanzo hutajua kama mbinu inafanya kazi au ni matumaini tu.

Je, inawezekana ni ugonjwa mwingine?

Inawezekana, na uchunguzi wa mwili hutangulia mafunzo ya tabia. Mtoto asiyezungumza anayeanza ghafla kujigonga kichwa anaweza kuwa na maambukizi ya sikio, jino lililooza au choo kigumu cha siku kadhaa. Kifafa nacho huweza kufanana na tabia ya kujirudia: mtoto anayekodoa macho au kurusharusha mkono, asiyeitika akiitwa jina wala kushtuka akiguswa, anahitaji kuonwa na daktari wa neva. Mrekodi kwa simu, maana tukio hilo halitatokea kwa amri ndani ya chumba cha daktari. Msichana mdogo anayesugua mikono yake kama anayenawa, na ambaye amepoteza uwezo wa kushika vitu au maneno aliyokuwa nayo, achunguzwe pia kwa ugonjwa wa Rett, hali ya kijeni inayoathiri ukuaji wa ubongo, hasa kwa wasichana. Mishtuko midogo ya misuli ambayo madaktari huiita tiki mara nyingi huanza baadaye, karibu na miaka mitano hadi saba, ilhali miondoko ya kujirudia huwa imeonekana kabla ya mtoto kutimiza miaka mitatu.

Ni mbinu zipi zinazotumika kupunguza tabia inayodhuru au inayozuia kujifunza?

Ya kwanza ni kurekebisha mazingira, na mara nyingi ndiyo inayosahauliwa. Ikiwa kelele ndicho chanzo, mtoto apewe vifaa vya kuziba masikio kabla ya kupanda matatu yenye muziki wa kutikisa vioo, au asubiri gari lenye utulivu. Ikiwa hana la kufanya, mpe vitu vinavyompatia hisia ile ile kwa njia isiyo na madhara: chupa ya plastiki yenye ndengu ndani kwa anayependa sauti ya kutikisa, karai la maji au mchele kwa anayependa mguso, kamba ya kutafuna iliyo salama kwa anayeuma kola ya sare yake.

Ya pili ni kumfundisha njia nyingine ya kupata kile ambacho tabia inampatia. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walionyesha kwamba watoto waliofundishwa kuomba msaada au kusifiwa, kwa maneno yanayolingana na kazi ya tabia yao, walipunguza tabia zilizosumbua. Yule mtoto anayegonga meza ili kitabu kiondoke afundishwe kusema "nipumzike", au kutoa kadi yenye picha ya mkeka, na mwanzoni apewe mapumziko hayo kila anapoomba, papo hapo, hata kama somo limeanza dakika mbili zilizopita. Walimu huogopa kwamba ataomba bila kukoma. Kwa siku chache ataomba sana, kisha muda wa kusubiri huongezwa kidogo kidogo.

Ya tatu ni kuituza tabia mbadala, au kutuza kipindi ambacho tabia haikutokea. Hapa ndipo ile hesabu ya dakika kumi inapohitajika. Ikiwa mtoto hupeleka vidole mdomoni na kuving'ata kila baada ya sekunde 40 kwa wastani, anza na kipindi kifupi kuliko hicho, tuseme sekunde 30, ili afaulu mara nyingi tangu siku ya kwanza. Zikipita sekunde 30 bila kung'ata, apate anachokipenda kweli: kipande cha ndizi, kurushwa juu, wimbo. Akifaulu mara nyingi mfululizo, nenda sekunde 45, kisha dakika moja. Kosa ninaloliona kila mara ni kuanza na nusu saa. Mtoto hapati tuzo hata moja, na baada ya siku mbili mzazi husema mbinu hii haifai kwa Waafrika. Inafaa, ila ilianzia mahali pa juu mno.

Ya nne ni kukatiza na kuelekeza upya. Mwaka 2007 William Ahearn na wenzake huko Massachusetts walichapisha matokeo kuhusu watoto waliokuwa wakitoa sauti zisizo na maana darasani: kila sauti ilipoanza, mwalimu aliikatiza kwa utulivu na kumwuliza mtoto maswali rahisi anayoyaweza, mpaka akajibu mara kadhaa mfululizo bila sauti ile. Sauti zilipungua, na baadhi yao wakaongeza maneno yenye maana. Mbinu hii inachosha, kwa kuwa humtaka mtu mzima awe karibu wakati wote, na hugeuka adhabu ikifanywa kwa ukali. Itumike kwa vipindi vifupi na chini ya uangalizi wa mtaalamu.

Ya tano ni mazoezi ya mwili. Tafiti za tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 zimeonyesha kwamba mbio za kutweta kidogo hupunguza miondoko ya kujirudia kwa muda baada ya mazoezi, ilhali mchezo mwepesi wa mpira hausaidii kiasi hicho. Familia inayoishi karibu na msitu wa Karura, City Park au Arboretum inaweza kukimbia huko asubuhi ya Jumamosi. Kwa wengine, kupanda ngazi za ghorofa mara kadhaa kabla ya kazi ya shule kunatosha kuanzia.

Je, nimshike mikono au nimfunge ili aache?

Usimfunge kamwe. Kumfunga hakumfundishi chochote, humwogofya, na huweza kumjeruhi. Kumchapa nako humwongezea hofu, na hofu ni miongoni mwa vichocheo vikubwa vya tabia hizi. Shuleni, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko, na ulemavu wa mtoto haumpi mwalimu ruhusa ya kuivunja.

Mtoto wangu hurudia maneno yangu badala ya kunijibu. Nimkataze?

Sikiliza kwanza anayatumia kwa lipi. Ukimuuliza "Unataka uji?" naye akajibu "Unataka uji", huku akielekea jikoni, amekuambia ndiyo. Watafiti wa lugha wamekuwa wakieleza tangu miaka ya 1980 kwamba marudio ya namna hii mara nyingi ni mawasiliano, na kwa watoto wengi ni ngazi ya kufikia lugha yao wenyewe.

Kiswahili kina mtego wake hapa, kwa kuwa tofauti kati ya mwulizaji na mwombaji imejificha katika silabi ya mwanzo: "unataka" na "nataka". Badala ya kuuliza, mpe mfano wa sentensi anayopaswa kuisema yeye. Shika kikombe, useme "Nataka uji" kwa sauti yake yeye, umpe mara tu anapojaribu. Nyumba nyingi za Nairobi huchanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha ya nyanya, na sishauri familia iache lugha yoyote kati ya hizo. Inatosha watu wote watumie maneno yale yale kwa mahitaji machache ya kuanzia.

Hulia kwa saa nzima tukibadilisha njia ya kwenda shuleni. Tufanyeje katika mji ambao matatu hukata njia za panya kila siku?

Kung'ang'ania ratiba hupungua mtoto anapoweza kuona kinachokuja. Piga picha za hatua za asubuhi yake kwa simu, uzichapishe kwenye saiba, uzipange ukutani kutoka juu kwenda chini: kuamka, kuoga, uji, sare, gari, shule. Kila hatua ikiisha, aitoe picha yake mwenyewe. Kisha tengeneza kadi moja ya rangi kali inayomaanisha "leo kuna badiliko".

Kadi hiyo ianze kutumika kwa mabadiliko ya kupendeza. Wiki ya kwanza ikiwekwa ratibani, badiliko liwe biskuti ya ziada au kupita kwa shangazi anayempenda. Baadaye liwe jambo dogo lisilo na uzito, kama kikombe cha kijani. Mwisho kabisa ndiyo njia tofauti ya kwenda shuleni, na hiyo muijaribu kwanza kwa miguu siku isiyo na haraka. Wazazi wengi huitoa kadi mara ya kwanza siku ya mkasa, barabara ikiwa imefungwa, na mtoto hujifunza kwamba kadi ni tangazo la balaa. Umeme ukikatika, ambako ni mazoezi ambayo mji wetu hutupatia bila malipo, tumieni kadi hiyo hiyo pamoja na tochi yake maalum.

Huzungumza kuhusu matatu tu: namba, rangi, barabara. Tumwondolee?

Hapana. Mtoto anayejua kila namba ya njia kutoka Kencom hadi Rongai ana somo la hesabu, kusoma, ramani na nauli mkononi. Wekeni muda na mahali pa mazungumzo hayo ikiwa yanameza kila kitu, na myatumie kama tuzo baada ya kazi nyingine. Mtoto wa namna hii huweza kumaliza ukurasa mzima wa kujumlisha ikiwa abiria ndio wanaojumlishwa.

Kuna dawa ya kuondoa tabia hizi?

Hakuna dawa iliyothibitishwa kuziondoa. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2009 liliwapa watoto na vijana 149 sitalopramu, dawa inayotumika kutibu mfadhaiko, au kidonge kisicho na dawa kwa wiki 12. Takriban theluthi moja walipata nafuu katika kila kundi, yaani dawa haikushinda kidonge kitupu, nayo ilileta madhara zaidi. Risperidoni iliidhinishwa Marekani mwaka 2006, na aripiprazoli mwaka 2009, kwa ajili ya hasira kali na kujiumiza kwa watoto wenye usonji. Zote mbili huweza kuongeza uzito na huhitaji ufuatiliaji wa daktari. Anayekuuzia matone ya klorini ya kunywa au ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa anakuuzia sumu, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Anajigonga kichwa ukutani. Nianze wapi?

Kinga kichwa kwa mto au kiganja chako, bila kelele na bila maneno mengi, na uondoe watoto wengine na vitu vigumu. Siku hiyo hiyo afanyiwe uchunguzi wa masikio, meno na tumbo. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida au akipoteza fahamu baada ya kujigonga, mpeleke hospitali mara moja. Kujiumiza kunakojirudia si tabia ya kushughulikiwa na mzazi peke yake kwa kusoma maandishi kama haya.

Tumeambiwa anahitaji saa 40 za mafunzo kwa wiki. Ni kweli?

Idadi hiyo ilitokana na utafiti wa Ivar Lovaas wa California uliochapishwa mwaka 1987, ambamo watoto 19 walifundishwa mmoja mmoja kwa muda huo kwa miaka miwili au zaidi. Mpango wake ulitumia pia makaripio makali na hata kofi, na watoto hawakugawiwa makundi kwa bahati nasibu, kwa hiyo si kipimo cha kumlazimishia kila mtoto wa leo. Familia nyingi za hapa haziwezi kugharimia hata robo yake. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, ambayo humwelekeza mzazi kuyatumia yale aliyojifunza katika shughuli za kila siku kama kuoga, kula na kufua. Dakika ishirini za makini kila siku, zikifanywa na kila mtu wa nyumba kwa namna moja, zina uzito wake.

Dada wa kazi na nyanya wake hawafuati mpango. Nifanyeje?

Mpango ulioandikwa kurasa tano hautafuatwa na yeyote. Andika sentensi tatu, uzibandike jikoni: akifanya hiki, tufanye hiki; asipofanya, tumtuze hivi; tusifanye hiki. Waombe wakuonyeshe kwa vitendo badala ya kukuitikia tu. Na nyanya anaposema kwamba mtoto amerogwa au amedekezwa, usibishane naye mbele ya wageni. Mpe kazi ya kuhesabu zile dakika kumi za jioni, kwa kuwa mara nyingi anayehesabu ndiye wa kwanza kuona mabadiliko.

Tunaweza kupata msaada wapi Nairobi?

Anzeni na kituo cha tathmini ya elimu cha serikali katika kaunti ndogo yenu, ambacho huwapima watoto na kuwaelekeza shule zinazowafaa. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1986 na iliyoko Kasarani, hutoa tathmini na kuwafundisha walimu. Shule ya msingi ya City, Ngara, ina kitengo cha watoto wenye usonji ndani ya shule ya kawaida. Kwa uchunguzi wa kitabibu, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina wataalamu wa watoto, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ndilo linalowasajili watoto baada ya tathmini ya hospitali. Mtu anayejiita mtaalamu wa tabia aulizwe alisomea wapi, anapima vipi maendeleo, na kama mzazi anaruhusiwa kukaa ndani wakati wa kikao. Akikataa hilo la mwisho, mtafuteni mwingine.

Itachukua muda gani, na kwa nini tabia imezidi tangu tulipoanza?

Tabia iliyokuwa ikileta matokeo fulani, kisha ikaacha kuyaleta, mara nyingi hupanda kwanza kabla ya kushuka, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango kwa nguvu zaidi anapoona haufunguliwi. Wiki hiyo ndiyo ambayo familia nyingi huacha, na wakiacha hapo, mtoto hujifunza kwamba akizidisha atapata. Kwa hiyo msianze wiki ya mitihani ya ndugu zake, wala ya kuhama nyumba, wala ya msiba. Endeleeni kuhesabu, muiandike idadi ya kila siku, na baada ya wiki tatu au nne mlinganishe wastani wa wiki ya mwanzo na wa wiki ya mwisho. Kama haujashuka kabisa, rudini kwenye daftari: yamkini kazi ya tabia haikuwa ile mliyoidhania.